Shajara ya mradi: kuzipa diski muda wa kujikagua (Arusha, Mei hadi Agosti 2025)

Mashine inayozungumziwa hapa ni kompyuta ya kuhifadhia kazi za studio ya picha na uchapaji, Kaloleni, Arusha. Inatunza picha za harusi na kipaimara, picha za vitambulisho, na mafaili ya vitabu na mabango ya wateja. Inatumia Debian 12, mfumo endeshi wa aina ya Linux. Mradi ulipoanza ilikuwa na diski mbili za SATA (muunganisho wa kawaida wa diski za kompyuta) za TB 2 kila moja, ambazo mfumo unaziita sdb na sdc, pamoja na diski ya USB ya TB 1 inayobebwa nyumbani kila Ijumaa. Sdb ndiyo ya kazi, na sdc hupokea nakala yake kila jioni.

Lengo: kila sekta (kipande kidogo kabisa cha kuhifadhia data) ya kila diski isomwe angalau mara moja kwa mwezi bila mtu kusimamia, na kasoro ikionekana irekebishwe wakati nakala nzuri bado ipo.

Sekta iliyoharibika haijulikani mpaka isomwe. Picha ya harusi ya mwaka 2019 inaweza kukaa miaka sita bila kufunguliwa, na muda wote huo hakuna atakayejua kama sehemu iliyoandikwa bado inasomeka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliofuatilia diski milioni 1.53 kwa miezi 32, ulikuta asilimia 3.45 zimepata kasoro za namna hiyo zilizolala kimya. Hatari huja moja ya diski mbili inapokufa: hapo unalazimika kuisoma iliyobaki kuanzia mwanzo hadi mwisho, pengine kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe.

Diski yenyewe inajua kazi hii. Ikitulia bila amri kutoka kwa kompyuta, programu iliyo ndani yake hupeleka kichwa juu ya sahani na kusoma sekta moja baada ya nyingine, bila kutoa data nje. Sekta iliyosomeka kwa shida, baada ya kurudiwa au kwa msaada mkubwa wa hesabu za kusahihisha makosa, huandikwa upya mahali pale pale au huhamishiwa kwenye sekta za akiba. Isiyosomeka kabisa huwekwa kwenye orodha ya kusubiri. Diski haiwezi kuihamisha hiyo kwa hiari yake, maana haijui kilichokuwamo. Husubiri kompyuta iandike kitu kipya hapo. Yote haya yanahitaji vitu viwili tu: umeme na utulivu. Vyote viwili vilikuwa adimu kwenye mashine hii.

3 Mei 2025: kusoma hali ilivyo

Vifurushi vilivyosakinishwa: smartmontools, sdparm, sg3-utils, hdparm. Kisha smartctl, amri ya kusoma hesabu ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake:

smartctl -a /dev/sdb

Sdb ilionyesha saa 21,640 za kuwashwa. Kipengele namba 5, sekta zilizohamishwa: 0. Namba 197, zinazosubiri: 0. Namba 198, zilizoshindikana katika ukaguzi wa pembeni (Offline, ule ambao diski hujifanyia yenyewe): 0. Kwa macho ya haraka hiyo ni diski nzima. Lakini mistari miwili mingine inasema vingine. Logi ya majaribio ya ndani ilikuwa tupu kabisa, yaani katika saa hizo 21,640 hakuna jaribio hata moja lililowahi kuendeshwa. Na ukaguzi wa pembeni wa kujiendesha ulikuwa umezimwa.

Ndiyo maana tunaomba msomaji atazame safu ya UPDATED katika jedwali linalotolewa na smartctl -a. Vipengele vilivyoandikwa Always hubadilika wakati wowote diski ikifanya kazi. Vilivyoandikwa Offline, na 198 ni kimojawapo kwenye diski hizi, hubadilika pale tu ukaguzi wa pembeni unapofanyika. Kama ukaguzi haujawahi kufanyika, sifuri ya 198 haina habari yoyote ndani yake. Watu wengi hununua diski za mtumba kwa kutazama sifuri hizi tatu. Inafaa kutazama kwanza logi ya majaribio na kuuliza ni lini diski ilikaguliwa mara ya mwisho.

Tuliwasha ukaguzi wa kujiendesha kwenye diski zote mbili:

smartctl -o on -S on /dev/sdb

Amri hii ilitoka kwenye maelezo ya zamani ya SFF-8035i na haikuwahi kuingia kwenye kiwango cha ATA, ila diski nyingi zinaitii. Zinazoitii hujikagua kila baada ya saa nne. Baadhi ya diski mpya huikataa, na hapo hutegemei kitu isipokuwa majaribio unayoyaagiza mwenyewe.

Gharama mpaka hapa: hakuna.

10 Mei: jaribio refu limeshindwa usiku tatu mfululizo

Jaribio refu, smartctl -t long, husoma uso wote wa diski. Sdb ilikadiria dakika 285. Tuliliwasha saa kumi na mbili kasorobo jioni, kabla ya kufunga, kwa matumaini kwamba asubuhi litakuwa limekwisha. Asubuhi logi ilisema limekatizwa, limebaki asilimia 90. Usiku wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo.

Chanzo hakikuwa diski. Anayefunga huzima swichi kuu ya chumba saa kumi na mbili, kama ilivyo desturi ya kuokoa uniti. Jaribio refu la SATA likikatika kwa umeme haliendelei pale lilipoishia, unaanza upya. Kwa hiyo mashine inayozimwa kila jioni na kufanya kazi mchana kutwa haipati kamwe dakika 285 za mfululizo, na inaweza kwenda miaka namna hiyo.

Suluhisho lina pande mbili. Kwanza, kompyuta ilihamishiwa kwenye soketi isiyopita swichi kuu, nayo hujizima yenyewe saa sita usiku kwa mstari mmoja kwenye crontab, ratiba ya amri za kujiendesha. Hivyo kila siku inapata saa sita za utulivu, kuanzia saa kumi na mbili jioni. Pili, tuliacha jaribio refu tukatumia la vipande. Diski ya TB 2 ina sekta 3,907,029,168. Ukigawa kwa tano, kila kipande ni sekta 781,405,834 hivi, yaani takriban GB 400:

smartctl -t select,0-781405833 /dev/sdb

Kesho yake:

smartctl -t select,next /dev/sdb

Neno next huchukua kipande kinachofuata chenye ukubwa ule ule, na likifika mwisho wa diski hurudi mwanzo. Umeme ukikatika unapoteza kipande kimoja tu, na redo hukirudia. Muda wa vipande hautalingana, wala usishtuke: sekta za mwanzo ziko ukingoni mwa sahani, ambako mzunguko mmoja hupitisha data nyingi zaidi. Kwetu vipande vitano vilichukua dakika 44, 48, 54, 63 na 76.

24 Mei: kasoro ya kwanza, na kosa letu kubwa

Kipande cha pili cha sdb kilisimama na maneno Completed: read failure, LBA 1465301240 (LBA ni namba ya sekta). Namba 197 ikapanda kutoka 0 hadi 8. Jaribio husimama kwenye kasoro ya kwanza inayokutana nayo. Sehemu ya kipande iliyo mbele ya hapo haijakaguliwa, kwa hiyo ni lazima kurudia baada ya kurekebisha.

Kwa nini 8 na si 1? Diski hizi zina sekta halisi za baiti 4,096 lakini zinajitambulisha kwa kompyuta kama za baiti 512. Sekta moja halisi ikishindikana, nane za kuonyeshwa huanguka pamoja.

Kutafuta faili lililoguswa: sdb1, yaani sehemu ya sdb yenye mafaili, inaanzia sekta 2048, na mfumo wa mafaili ni ext4 wenye bloku za baiti 4,096.

(1465301240 − 2048) ÷ 8 = 183162399

debugfs -R "icheck 183162399" /dev/sdb1

Hiyo hutoa namba ya ainodi (kitambulisho cha faili ndani ya mfumo), na ncheck hutoa jina. Lilikuwa picha ghafi ya harusi moja. Sdc ilikuwa na nakala yake iliyopelekwa kabla kasoro haijatokea, na alama zake za sha256 (namba zinazokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili) zililingana na orodha ya zamani.

Hapa ndipo tulipokosea, na tunaandika kwa kirefu ili mwingine asirudie. Kwanza tulijaribu kuandika sekta moja ya baiti 512 kwa hdparm --write-sector. Diski ikakataa kwa kosa la kusoma. Sababu ni ile ile ya baiti 4,096: ili kubadilisha baiti 512, diski lazima kwanza isome sekta nzima, ibadilishe sehemu, kisha iandike. Kusoma ndiko kulikoshindikana. Dawa ni kuandika baiti 4,096 kwa mkupuo, zikiwa zimepangana na mwanzo wa sekta halisi.

Tukaondoa sdb1 kwenye matumizi na kuandika hivi:

dd if=/dev/zero of=/dev/sdb bs=4096 count=1 seek=183162399 oflag=direct

Amri ilipita bila malalamiko, na 197 ikabaki 8. Namba 183162399 imehesabiwa kuanzia mwanzo wa sdb1, lakini amri ilielekezwa kwenye sdb nzima. Tofauti ni sekta 2048, yaani bloku 256, sawa na MiB 1. Tulikuwa tumefuta bloku nzima na nzuri ya faili jingine, huku ile mbovu ikiwa haijaguswa. Amri sahihi kwa diski nzima ni 1465301240 ÷ 8:

dd if=/dev/zero of=/dev/sdb bs=4096 count=1 seek=183162655 oflag=direct

Baada ya hiyo, 197 ilishuka hadi 0 papo hapo. Faili tuliloliharibu lilipatikana kwa icheck ya bloku 183162143, ile halisi iliyopigwa sifuri, na yote mawili yakarudishwa kutoka sdc.

Utaratibu tunaoufuata sasa: kabla ya dd ya kuandika, endesha dd ya kusoma kwa namba ile ile.

dd if=/dev/sdb of=/dev/null bs=4096 count=1 skip=183162655 iflag=direct

Ikisomeka bila kosa, umekosea anwani. Simama hapo. Bloku mbovu lazima ikatae kusomeka.

Namba 5 ilibaki 0 baada ya kuandika. Maana yake diski ilijaribu sehemu ile ile, ikaiona inashika maandishi, haikuhitaji akiba. Uso wa sahani ulikuwa mzima. Maandishi yaliyokuwa juu yake ndiyo yaliyokuwa mabovu. Mara nyingi hilo hutokana na umeme kukatika katikati ya kuandika. Kama 5 ingepanda, tungeitazama diski kwa jicho jingine, hasa ikipanda tena wiki inayofuata.

7 Juni: diski mbili za SAS za mtumba

Sdb na sdc zimezeeka, na ukaguzi wa SATA una mipaka yake. Diski za SAS (muunganisho wa diski za seva) zina utaratibu wa kujikagua ulioandikwa rasmi kwenye kiwango cha SCSI, lugha ya amri ya diski hizo: unaweza kuuwasha, kuupangia muda, na kusoma ripoti yake sekta kwa sekta. Tulinunua mbili za TB 4, mzunguko wa 7,200 kwa dakika.

Gharama: diski mbili kwa shilingi 130,000 kila moja. Kadi ya SAS yenye chipu ya SAS2008, mtumba, 95,000. Kebo ya SFF-8087 yenye matawi manne ya SFF-8482, 45,000. Feni ndogo ya kupoza kadi, 15,000. UPS, ambayo hatukupanga kuinunua mapema, 180,000. Jumla 595,000.

Kuhusu kadi: hakikisha ina programu ya aina ya IT, inayozipitisha diski kama zilivyo. Ikiwa na ya RAID (ya kuunganisha diski kadhaa zionekane kama moja), diski hujificha nyuma yake na ripoti za ukaguzi hazipatikani kirahisi. Kuhusu feni: chipu ile imetengenezwa kwa seva zenye upepo mkali. Ndani ya kasha la kawaida hupata moto mpaka huwezi kushika kipoozeo chake. Feni ya sentimita 4 iliyofungwa kwa skrubu juu ya kipoozeo inatosha.

Diski hazikuonekana kuwa na ukubwa wowote. Dmesg, logi ya mfumo, ilisema sekta za baiti 520 hazikubaliki. Hili ni la kawaida kwa diski zilizotoka kwenye makabati makubwa ya kuhifadhi data: baiti 8 za ziada katika kila sekta zilikuwa za ukaguzi wa mfumo ule. Dawa ni kuzifomati upya:

sg_format --format --size=512 /dev/sg3

Kwa TB 4 kazi hii ilikadiriwa saa nane na nusu. Ikiwa asilimia 71, umeme ulikatika mtaa mzima, na UPS haikuwapo bado. Uliporudi, kila jaribio la kusoma lilijibiwa Medium format corrupted. Diski haijafa ikisema hivyo. Ramani ya sekta imeachwa nusu na diski inakataa kusomwa mpaka fomati ikamilike. Tulirudia amri ile ile tangu mwanzo, safari hii kwenye UPS, skrini ikiwa imechomolewa ili betri idumu. Fomati hufanywa na diski yenyewe ndani kwa ndani. Kompyuta ikijiwasha upya haidhuru mradi umeme wa diski haukatiki. Lililohitaji kulindwa lilikuwa umeme tu, nasi tulikuwa tumehangaikia kompyuta.

Diski zote mbili, ambazo mfumo unaziita sdd na sde, zilimaliza tarehe 9 Juni. Zikafungwa pamoja kama RAID 1, yaani kila kitu huandikwa kwenye zote mbili, kwa programu ya mdadm, jina md0, na kazi zote za studio zikahamia huko. Sdb na sdc zimekuwa za nakala.

21 Juni: kuwasha ukaguzi wa SAS

sdparm --page=bc --long /dev/sdd

Mistari inayohitaji kueleweka:

EN_BMS ni swichi ya ukaguzi. Kwa sdd ilikuwa 1, kwa sde ilikuwa 0. Diski pacha za toleo moja, mipangilio tofauti. Usidhani, soma kila moja.

BMS_I ni saa kati ya mwanzo wa mzunguko mmoja na mwanzo wa unaofuata. Ilikuwa 168, yaani wiki.

MIN_IDLE ni milisekunde ambazo diski lazima itulie kabla ya kurudi kwenye ukaguzi baada ya kuhudumia amri.

EN_PS ni ukaguzi wa awali wa diski mpya au iliyotoka kufomatiwa. Ukiwashwa, sehemu ambayo bado haijapitiwa ikiandikwa, diski huthibitisha maandishi papo hapo. Inapunguza kasi siku za mwanzo. Tungeuwasha kabla ya kuhamisha data kama tungelikumbuka. Data zilipokwisha kuingia hatukuugusa.

S_L_FULL ikiwa 1, ukaguzi husimama logi ikijaa. Iache 0.

sdparm --set=EN_BMS=1,BMS_I=72 --save /dev/sde

Bila --save mpangilio hupotea umeme ukikatika. Ripoti husomwa hivi:

smartctl -l background /dev/sdd

28 Juni: ukaguzi hausogei

Wiki nzima, sdd ilitoka asilimia 0 hadi 4.2, na sde 3.9. Kwa saa sita za utulivu kila jioni tulitegemea mzunguko mzima ndani ya jioni mbili.

Tulishuku kwanza joto, kwa sababu diski huweza kusimamisha ukaguzi joto likitoka nje ya kiwango. Lakini ni Juni Arusha. Diski zilikuwa nyuzi 31. Tukashuku mwinuko: mji uko karibu mita 1,400 juu ya bahari na vichwa huelea juu ya hewa. Nalo si tatizo, diski nyingi za kawaida zinaruhusiwa hadi mita 3,000 na zaidi.

Jibu lilipatikana kwa iostat -x 1, amri inayoonyesha diski zinavyosomwa na kuandikwa, saa moja usiku, studio ikiwa imefungwa. Md0 ilikuwa ikiandikwa kila nusu sekunde. Kamera nne za ulinzi zilikuwa zimeelekezwa kurekodi huko tulipohamisha data, na programu yake inalazimisha kila kipande kiandikwe mara moja bila kungoja. MIN_IDLE ilikuwa 1000. Diski ilikuwa haijawahi kupata sekunde moja nzima ya kutulia, isipokuwa dakika chache kamera zilipopoteza mtandao; hizo ndizo zilizoleta asilimia 4.

Kushusha MIN_IDLE hadi 100 kuliusogeza ukaguzi, ila video za kamera zilianza kuruka, kwa sababu kichwa kilikuwa kinapelekwa mbali kwenye ukaguzi kila mara na kurudishwa. Tuliirejesha 1000 na kuhamishia kamera kwenye diski yao, ya kompyuta ndogo, GB 500, iliyokuwapo dukani. Usiku huo huo sdd ilifika asilimia 58.

Kwa yeyote anayenakili mradi huu: kabla ya kugusa mpangilio wowote wa ukaguzi, tazama kwanza kama diski inatulia kweli usiku. Kamera, programu ya kupakua mafaili, kifaa cha kutafuta mafaili ya mtandao wa ndani, vyote huandika kidogo kidogo, na kidogo hicho kinatosha.

5 Julai: ripoti ya kwanza iliyokamilika

Sdd: mizunguko 2 imekamilika, hakuna ingizo.

Sde: mzunguko 1, maingizo 7. Sita yalikuwa na alama [1,18,7]. Moja ya kwanza maana yake kosa limepona; 18 na 7 maana yake data ilisahihishwa kwa hesabu na sekta ikaandikwa upya. Kazi imekwisha, hakuna la kufanya. Hizi ni sekta ambazo bila ukaguzi zingeendelea kufifia kimya. Kila njia (duara moja la sekta kwenye sahani) ikiandikwa mara nyingi, uga wa sumaku wa kichwa hugusa kidogo njia za jirani, na ya jirani isiyoandikwa upya kwa muda mrefu hudhoofika.

La saba lilikuwa [3,11,0], kosa lisilopona la kusoma, na mbele yake maneno yanayosema inahitajika amri ya kuandika au ya kuhamisha bloku. Safari hii hakukuwa na hesabu za dd. Kwenye RAID 1 unaagiza tu:

echo check > /sys/block/md0/md/sync_action

Md husoma diski zote mbili. Ikikuta moja imeshindwa, huchukua data kwa mwenzake na kuiandika juu ya sekta mbovu. Kuandika ndiko diski ilikokuwa ikikusubiri. Baada ya saa tisa, kwa sde idadi ya sekta kwenye orodha ya kasoro zilizoongezeka ilitoka 0 hadi 1, na mismatch_cnt, hesabu ya sekta zinazotofautiana kati ya diski mbili, ilikuwa 0.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi ukaguzi wa diski uwepo, ikiwa check ya md inasoma kila kitu pia. Check inazichosha diski zote mbili kwa pamoja na inapunguza kasi ya kazi. Debian huiendesha Jumapili ya kwanza ya mwezi, usiku wa manane, saa ambayo mashine yetu imeshazimwa. Ukaguzi wa ndani hauingilii kazi ya mtu, unafanyika wakati diski haina kazi. Lakini hauwezi kuona kama data mbili zinatofautiana, wala hauwezi kurejesha kilichopotea. Tunahitaji vyote viwili, na check tumeihamishia Jumamosi ya pili ya mwezi, saa saba mchana, studio inapofungwa mapema.

19 Julai: diski ya USB

Kwa kifupi. Smartctl haikuiona mpaka ilipoongezwa -d sat. Jaribio refu lilikatizwa kila baada ya dakika kumi, kwa sababu chipu ya kasha huilaza diski isipopata amri, na haijui kwamba diski inajikagua ndani. Kuiuliza hali kila dakika kunaizuia isilale:

while sleep 60; do smartctl -d sat -c /dev/sdf > /dev/null; done

Ilimaliza kwa dakika 171 bila kasoro. Hatukupata njia ya kuifanya ijikague yenyewe; kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi itaendeshwa kwa mkono kabla ya kubebwa.

16 Agosti: mpangilio unaobaki

Mistari ya /etc/smartd.conf, faili la mipangilio ya smartd, programu inayoendesha majaribio kwa ratiba:

/dev/sdb -a -o on -S on -s (S/../.././08|c/../../[1-5]/20) -W 4,45,50 -m root

/dev/sdc -a -o on -S on -s (S/../.././08|c/../../[1-5]/22) -W 4,45,50 -m root

/dev/sdd -a -W 4,45,50 -m root

/dev/sde -a -W 4,45,50 -m root

Herufi c huendeleza vipande: kilichokamilika hufuatiwa na kinachofuata, kilichokatizwa hurudiwa. Siku 1 hadi 5 ni Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo vipande vitano vinamaliza diski kila wiki. Saa 20 na 22 za mashine ni saa mbili na saa nne usiku. Mara ya kwanza tuliandika 02 na 04 tukihesabu kwa saa zetu, na smartd ikangoja saa ambazo kompyuta imezimwa. Kipande cha kwanza lazima ukiendeshe kwa mkono kama ilivyoelezwa Mei, la sivyo c haina ukubwa wa kufuata.

Smartd yenyewe huuliza diski kila nusu saa. Hiyo haizuii ukaguzi.

Umeme: mashine nzima inatumia wati 55 ikiwa imetulia. Saa sita za ziada ni uniti 0.33 kwa siku, na kwa karibu shilingi 360 kwa uniti inakuwa shilingi 120 hivi. Kwa siku 26 za kazi, takriban shilingi 3,100 kwa mwezi.

Hali leo: sdb imemaliza mizunguko 11 tangu Mei, 197 ni 0, 5 ni 0. Sdc mizunguko 11, safi. Sdd mizunguko 14, hakuna ingizo. Sde mizunguko 13; maingizo yamefika 9, na mawili mapya yote ni [1,18,7], sekta zilizo mbali na zile za mwanzo. Orodha ya kasoro zilizoongezeka bado ni 1. Ikifika 5 kabla ya Desemba, sde itabadilishwa. Diski ya tatu ya aina hiyo imeshawekewa oda kwa shilingi 135,000, nayo itafomatiwa kwenye UPS na EN_PS ikiwa imewashwa kabla data haijaingia.